Mhadhara, mdahalo, wageni wawili au meza za watu wanane: mnaoanzisha mijadala ya siasa chuoni someni hapa kabla hamjaalika mtu

Mwaka wa masomo ukianza tu lazima nipate meseji ya namna hii kutoka kwa viongozi wapya wa wanafunzi, "kaka tunataka kuanzisha mfululizo wa mijadala hapa chuoni, watu waongee siasa bila kutukanana, vijana wapate hamu ya kushiriki mambo ya nchi yao, tumefikiria kumwalika mheshimiwa fulani, unaonaje?" Yaani mgeni ameshapatikana, bango limeshaanza kudizainiwa, ila hakuna aliyekaa akajiuliza huyo mgeni akifika atakaa wapi, ataongea na nani, na nani ataruhusiwa kumjibu. Mimi naona hapo ndo pa kuanzia. Mgeni yuleyule ukimpa mimbari peke yake unapata hotuba, ukimweka na anayempinga unapata kitu kingine kabisa, ukimkalisha meza moja na wanafunzi saba unaweza ukashangaa kumbe na yeye anajua kusikiliza.

Kwa hiyo hapa nalinganisha mitindo minne inayotumika sana vyuoni, na wa tano wa mtandaoni nitaugusa kidogo tu. Sitaipa yote nafasi sawa, kuna mmoja nauamini zaidi na mtauona.

MHADHARA WA MGENI MMOJA

Huu tumeuzoea wote. Tangazo limesema saa nane mchana, wanafunzi wameingia saa nane, viti vya mbele vimebandikwa karatasi za VIP na havina mtu, mgeni anaingia saa tisa na nusu, utambulisho wa meza kuu nusu saa, kila anayeshika maiki anasema itifaki imezingatiwa halafu anaanza kuizingatia upya jina moja moja. Mgeni anaongea saa nzima. MC anasimama anasema kutokana na ufinyu wa muda tutachukua maswali matatu tu, la kwanza linachukuliwa na yule jamaa wa kila ukumbi anayesema "mimi sina swali ila nina mchango mdogo" na mchango unakula dakika kumi, la pili ni mtu anaomba nafasi ya field ofisini kwa mgeni, la tatu ndo lilikuwa swali lenyewe na linajibiwa "nashukuru kwa swali zuri, tumelipokea". Soda, picha ya pamoja, kwaheri.

Ila tusiudharau mhadhara kwa sababu tunaufanya vibaya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoanzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere (kiti cha uprofesa kinachobeba jina lake) mwaka 2008, Profesa Issa Shivji akiwa wa kwanza kukikalia, mwaka uliofuata tamasha lao la kitaaluma lilimleta mwandishi wa Nigeria Wole Soyinka, na 2010 wakamleta mchumi wa Misri Samir Amin. Sasa mtu kama Samir Amin, ambaye amelifikiria jambo moja miaka hamsini, hutaki kumgongea kengele kila baada ya dakika saba ili mwanafunzi wa mwaka wa pili amjibu. Unataka akae, afunue hoja yake yote, wewe uondoke na kitu cha kutafuna wiki nzima. Kwa kazi hiyo mhadhara hauna mpinzani.

Unapofeli ni pale mada ni siasa ya moto na mgeni ana upande. Upande mwingine unajiona umeletewa kampeni ukumbini kwake, na kwa kuwa hakuna sehemu rasmi ya kumjibu, watu wanatafuta isiyo rasmi. Marekani wamelionja hili sana. Machi 2017 chuo cha Middlebury kule Vermont walimwalika Charles Murray, mwandishi ambaye maandishi yake kuhusu akili na rangi yanawaudhi wengi, wanafunzi wakapiga kelele mpaka hotuba ikashindikana, wakamhamishia chumba kingine aongee kwa kamera, na walipokuwa wanatoka profesa aliyepangwa kumhoji, Allison Stanger, akaumizwa shingo kwenye vurugu. Na huyo profesa kazi yake siku ile ilikuwa kumbana Murray kwa maswali! Angekaa naye jukwaani tangu mwanzo kama mpinzani anayejulikana, sisemi kelele zisingekuwepo, ila angalau waliokasirika wangekuwa na mtu wao mbele.

Gharama yake: mgeni mkubwa maana yake tiketi, hoteli, gari, bahasha. Kibali chake: kinaonekana rahisi kuliko vyote, maana uongozi wa chuo unajua nani anaongea na unaweza kukisia atasema nini. Ndo maana tunauchagua kila mara, si kwa sababu unafundisha watu kujadiliana.

MDAHALO WA PANDE MBILI NA KURA

Huu mizizi tunayo tangu sekondari, "mheshimiwa mwenyekiti, jopo la waamuzi, mtunza muda asiyependelea upande wowote", elimu ni bora kuliko pesa, mtoto wa kidato cha pili anatoa jasho anatetea pesa. Vyuoni Uingereza ndo wameufanya taasisi, umoja wa mdahalo wa Cambridge ulianza 1815 na wa Oxford 1823, na bado vyote viwili vipo.

Uzuri wake ni kwamba unamlazimisha mtu apange hoja. Na ukikuta usiku wake, unabaki kwenye historia. Februari 18, 1965 pale Cambridge, mwandishi James Baldwin alisimama dhidi ya William F. Buckley, mwandishi wa kihafidhina wa Marekani, mada ilikuwa kwamba ndoto ya Marekani imejengwa kwa gharama ya mtu mweusi. Kura zikaja 544 kwa 164, Baldwin kashinda mbali kabisa. Watu wanaipenda stori hiyo na mimi naipenda, ila mwandaaji ajiulize kitu kimoja, kati ya wale 544 wangapi waliingia mlangoni wakiwa tayari upande wa Baldwin? Kura ya mwisho peke yake haikwambii. Kama mnafanya mdahalo wenye kura basi pigeni kura mbili, ya kwanza watu wakiingia na ya pili wakitoka, na mshindi awe aliyewasogeza watu wengi, sio aliyejaza ukumbi marafiki zake wa hosteli. Hilo badiliko dogo tu linabadilisha tabia ya wazungumzaji, ghafla wanaanza kuongea na wasiokubaliana nao.

Kibaya cha pili, mdahalo unafundisha kushinda. Mzungumzaji akikubali kwamba mwenzake ana hoja hata kidogo, kashapoteza pointi, sasa utamfundishaje heshima mtu ambaye unampa alama kwa kutokubali chochote? Na kura ikitoka nje ya ukumbi inaishi maisha yake yenyewe. Oxford mwaka 1933 wanafunzi walipiga kura 275 kwa 153 kwamba hawatapigana kwa namna yoyote kwa ajili ya mfalme na nchi, magazeti yakawaka, wakaitwa waoga na wasaliti, wakati kwa wengi ulikuwa mdahalo wa usiku mmoja. Leo klipu ya sekunde ishirini ya mwanafunzi wenu aliyepangiwa kutetea upande asiouamini itasambaa kwenye WhatsApp za wazazi wake kabla hajafika bwenini, na hakuna atakayeweka maelezo kwamba alipangiwa. Hili mlifikirie sana kama mada ni ya kichama.

Nafuu yake: bei chee. Wanafunzi wenyewe ndo wazungumzaji, mnahitaji ukumbi, saa, kengele na maji ya kunywa.

WAGENI WAWILI WASIOKUBALIANA, MUONGOZAJI MMOJA

Huu ndo ninaoupenda na sifichi.

Mfano ambao huwa nawapa watu ni wa chuo cha Princeton kule Marekani, maprofesa Robert George na Cornel West. George ni mhafidhina hasa, West ni wa mrengo wa kushoto hasa, kwenye kura hawakutani kabisa, ila tangu 2007 walianza kufundisha darasa moja pamoja na baadaye wakawa wanazunguka vyuo wakikaa viti viwili jukwaani wanabishana. Wanaitana ndugu. Mwanafunzi anayewaangalia hajifunzi nani kashinda maana hakuna anayeshinda, anachoona ni mtu mzima akimwambia mwenzake "hapo umenibana, ngoja nifikirie" mbele ya ukumbi mzima na dunia haijaanguka. Kwa kijana ambaye siasa ameijulia kwenye kampeni na kwenye magrupu, hicho ni kitu kipya kabisa.

Na kwetu sio jambo la kuagiza nje. Mwanzoni mwa miaka ya 70 Makerere ilishuhudia Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, profesa wa sayansi ya siasa pale, akikabiliana na Walter Rodney wa Guyana aliyekuwa anafundisha Dar es Salaam. Mmoja mliberali mwenye mashaka na ujamaa, mwingine mmaksi moto moto, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Makerere nazo zilikuwa kama zinashindana kupitia wao. Mazrui miaka mingi baadaye bado alikuwa anautaja mjadala ule. Angalia hata walivyolingana, wasomi wa chuo kikuu wote wawili, wote hodari wa maneno, hakuna aliyeletwa kuwa chambo cha mwenzake. Hiyo ndo kanuni ya kwanza ya mtindo huu, usimlete waziri wa zamani umkalishe na kijana wa mwaka wa tatu halafu uite mjadala.

Kanuni ya pili ni muongozaji. Hapa ndo wengi wanaharibu, wanamchukua mtangazaji maarufu kwa sababu atajaza watu, na yeye anakuja kuonekana. Mtafute mhadhiri au mwanafunzi asiyeogopa kumkatiza mtu mzima kwa adabu. Awe na sentensi zake mfukoni, "samahani mheshimiwa, hilo ni kuhusu mtu, tunaomba turudi kwenye hoja", "mama, dakika zako zimeisha, nitakurudia". Bila shikamoo nyingi na bila kejeli.

Kanuni ya tatu, ambayo imefanya kazi kila nilipoiona ikitumika: kabla hawajaanza kupingana, kila mgeni aeleze hoja ya mwenzake kwa maneno yake mwenyewe, na mwenzake aseme kama imeelezwa sawa au la. Chukua mada ya tozo za miamala ya simu zilizoanza hapa Tanzania Julai 2021. Anayeziunga mkono aeleze kwa nini mama muuza mboga aliumia kutuma hela kijijini, anayezipinga aeleze serikali ingepata wapi pesa za vituo vya afya na madarasa. Wakishindwa, warudie. Ukumbi unacheka, wao wanatoka jasho, lakini baada ya hapo hakuna anayebishana na kivuli. Na mada ile ni tamu kwa sababu inaonyesha kelele za wananchi zina kazi, serikali ilikuja kuzipunguza kwa asilimia 30 ndani ya miezi miwili tu baada ya kuanza, kwa hiyo mwanafunzi anayesema "hata tukiongea hakuna kinachobadilika" anapata cha kufikiria.

Maswali yaandikwe kwenye vikaratasi, yakusanywe, wanafunzi wawili wa mitazamo tofauti wayachambue pembeni. Yule wa mchango mdogo wa dakika kumi hapati maiki, na yule binti wa mwaka wa kwanza anayeogopa kusimama mbele ya watu mia tatu swali lake linasomwa kama la mtu mwingine yeyote. Na fanyeni kwa Kiswahili. Najua chuo ni Kiingereza, ila linganisha siku mbili, ya Kiingereza unapata maswali ya watu walewale watano waliosoma shule zilezile, ya Kiswahili kapu la vikaratasi linajaa.

Hatari ya mtindo huu ni moja kubwa, mmoja asipotokea. Waulizeni Wakenya. Mwaka 2013 waliweza kuwaweka wagombea urais wote wanane jukwaa moja. Julai 2017, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki Nairobi, Uhuru Kenyatta hakuja, Raila Odinga akasimama peke yake akaulizwa maswali. Julai 2022, ukumbi uleule, safari hii Raila ndo hakuja na William Ruto akasimama peke yake, na hata kwenye kundi la wagombea wadogo usiku ule George Wajackoyah aliondoka, akabaki David Mwaure anajadiliana na hewa. Kwa hiyo mdahalo ukageuka mhadhara bila mtu kupanga. Huku kwenu atakayekacha sio mgombea urais, ni mheshimiwa mwenye "dharura ya kikazi" asubuhi ya tukio, na lazima muwe mmeshaamua mapema mtafanya nini.

MEZA ZA WATU WANANE

Hapa hakuna jukwaa. Meza ishirini, kila moja watu nane, mmoja ni muongozaji aliyefundishwa nusu siku, mezani kuna karatasi moja ya kurasa mbili yenye taarifa ambazo pande zote zimekubali kuwa ni za kweli. Wanajadili, wanatoa swali moja au mawili kwa kila meza, halafu wataalamu wa pande zote wanakuja kujibu hayo maswali tu. James Fishkin, profesa wa Stanford, ndo ameuzungusha mtindo huu duniani kwa wananchi wa kawaida, na mwaka 2015 ulifanyika Dar es Salaam, wananchi kutoka mikoa mbalimbali walikutanishwa kujadili gesi asilia, pesa yake ikija itumikeje. Watu wanaulizwa maoni kabla na wanaulizwa tena baada, hivyo unaona nani kasogea na wapi.

Kwa heshima kwenye mazungumzo huu unaizidi mitindo yote. Ni ngumu kumtukana mtu uliyepokezana naye chupa ya maji. Na kila mtu anaongea, kwenye ukumbi wa watu mia moja na sitini kwa mtindo wa mhadhara wanaongea wanne.

Lakini ni kazi, wee acha tu. Waongozaji ishirini unawatoa wapi, ile karatasi ya taarifa itagombaniwa wiki mbili kabla haijakubalika (na huo ugomvi wenyewe una faida, kamati inajifunza kuliko washiriki), na haina picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti kwa wafadhili. Pia haivuti watu kwa jina, mwanafunzi anauliza "nani anakuja?" unamwambia "wewe", anarudi kulala. Wa kwanza kabisa msianze nao.

YA MTANDAONI

Kwa ufupi. Julai 5, 2024, baada ya maandamano ya muswada wa fedha huko Kenya, Rais Ruto aliingia kwenye spesi ya X (mjadala wa sauti wa moja kwa moja) na vijana wakamuuliza wenyewe habari za waliouawa na waliotekwa, kitu ambacho hakuna ukumbi wa chuo ungekiruhusu kwa mpangilio ule. Kwa hiyo nguvu ipo. Ila huku kwetu Tanzania X ilifungiwa Mei 2025, na wiki ya uchaguzi wa Oktoba 29 intaneti yenyewe ilizimwa, sasa mfululizo wa chuo ukiutegemeza hapo umeukalisha kwenye kiti cha mguu mmoja. Itumieni kurusha sauti kwa walio mbali, basi.

SASA MCHAGUE UPI

Kama mada ni kubwa na ya kufikirisha, katiba, historia ya vyama, uchumi, na mna bahati ya kumpata mtu mmoja anayeijua kuliko wote, fanyeni mhadhara, ila kateni utambulisho uwe dakika tano na maswali yapewe muda sawa na hotuba.

Kama lengo ni kuwanoa wanafunzi waongee, na mada haimchomi mtu moja kwa moja, mdahalo, kura mbili.

Kama hali ya nchi ina joto na watu wana madonda, na baada ya vurugu za uchaguzi wa Oktoba 2025 wapo wanafunzi wenye madonda kweli, tafadhali msiwapeleke kwenye mdahalo wa kushangilia na kuzomea. Meza ndogo, bila kurekodi, au wageni wawili wazima wenye hekima. Mtu aliyepoteza ndugu hahitaji kupigiwa kengele ya muda.

Kama ndo mnaanza, hamjulikani, bajeti ni ya kuungaunga, mimi ningesema wageni wawili kwa miezi mitatu ya kwanza, mara moja kwa mwezi, wageni wa mji huohuo ili msilipe hoteli, halafu wale wanaobaki ukumbini wakibishana baada ya tukio (wapo kila mara, kando ya mlango, utawaona) ndo muwachukue muwafundishe kuongoza meza, mwezi wa nne mjaribu meza tano tu.

Kuhusu kibali, watu wanaogopa kwamba wageni wawili wa vyama tofauti ni kazi kuwapitisha kuliko mgeni mmoja. Kwa nilivyoona ni kinyume, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ikipata barua yenye jina la mtu mmoja wa chama kimoja swali la kwanza ni "kwa nini huyu?", ikipata majina mawili ya pande mbili swali hilo linakuwa limeshajibiwa. Kwenye barua wekeni mada, majina yote mawili, jina la muongozaji, utaratibu wa maswali ya kuandika, na sentensi moja inayosema mgeni mmoja asipofika tukio litaahirishwa, halitageuzwa kuwa la upande mmoja. Sentensi hiyohiyo iwekeni kwenye mialiko ya wageni wote wawili, kila mmoja aisome akijua mwenzake naye ameisoma.